Tairi kubwa, spidomita na mafuta

Spidomita haioni barabara. Huhesabu mizunguko, ya magurudumu au ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, kisha hukisia mwendo kwa kimo cha tairi lililotoka kiwandani. Ukibadilisha tairi, hesabu hubaki ile ile ya zamani.

Chukua 195/65 R15, saizi ya kawaida kwa magari mengi ya saluni hapa Nakuru. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo chote ni kama milimita 634. Mwenye gari akichoka kukwaruza tumbo kwenye matuta akafunga 205/70 R15, kimo hufika 668, yaani asilimia 5 zaidi. Spidomita iliposoma kilomita 80 kwa saa kwa usahihi, sasa kwa 80 hiyo hiyo gari liko 84. Spidomita nyingi husoma juu kidogo tangu kiwandani, hivyo huenda kosa lisionekane. Kilichopotea ni ile nafasi ya usalama.

Odometa, inayohesabu kilomita zilizosafiriwa, nayo hupunja. Kilomita 100 za kweli huandikwa 95. Malalamiko mengi ya mafuta huzaliwa hapa: gari la kilomita 12 kwa lita huonekana kwenda 11.4 hata kama halijanywa tone la ziada. Kabla ya kumgombeza fundi, zidisha umbali kwa 1.05.

Hata hivyo, unywaji wa kweli upo. Tairi kubwa ni zito, na kila baada ya tuta injini hulazimika kulizungusha upya. Tena ni kama umerefusha gia zote. Kwenye tambarare ya Kano, Ahero kuelekea Kisumu, injini huzunguka polepole kidogo na huenda usihisi hasara yoyote. Panda kutoka Nakuru kwenda Timboroa ukiwa na abiria na magunia ya viazi: gia iliyotosha jana haitoshi tena, unashusha, injini inanguruma, mafuta yanakwenda.

Anayetaka rimu kubwa kwa urembo ana njia: 205/55 R16 ina kimo cha milimita 632, karibu sawa na lile la kwanza, na spidomita haitatikisika. Ila gari halitainuka, na matuta yataendelea kukwaruza tumbo.