Mgonjwa wa utumbo asinyimwe chakula

Mgonjwa wa utumbo akiketi mbele yangu, huanza na vyakula alivyokatazwa. Mama mkwe alikataza maharage, jirani akakataza mayai. Zahanati walimwambia aache maziwa na pilipili, mtu wa mtandaoni akaongeza ngano, na muuza dawa za asili akamalizia na nyama. Nikiuliza kimebaki nini, najibiwa: uji mweupe, wali kidogo, chai ya rangi. Tunakwenda kwenye mizani, na pale inaonekana kwa nini anahema akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Kwa watu wanaoishi na ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurudisha vyakula sahanini, kimoja baada ya kingine, na kumzoesha mgonjwa kuuliza maswali hospitalini bila kuogopa. Chakula hakiyaponyi magonjwa haya. Kinaweza kumpa mtu nguvu ya kuishi nayo, kupunguza maumivu na kuisaidia dawa ifanye kazi yake, na hilo si jambo dogo.

Magonjwa haya mawili yako kundi moja: kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe, na mashambulizi hayo huamka na kutulia kwa vipindi, miaka nenda miaka rudi. Hayaambukizi. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana tu. Huanzia mwishoni kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, kisha hupanda bila kuruka sehemu. Crohn inaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, inaruka ruka, na huchimba unene wote wa ukuta wa utumbo. Ndiyo maana inaweza kuacha mahali pamesinyaa, au kutoboa tundu hadi kwenye kiungo cha jirani. Jina lake linatokana na Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1932 pamoja na madaktari wenzake Ginzburg na Oppenheimer. Labda kwa sababu ya jina hilo bado nasikia watu, hata wa hospitalini, wakisema huu ni ugonjwa wa wazungu. Wagonjwa ninaowaona si wazungu.

Kwetu, mtu akiharisha damu inafikiriwa amiba. Akiwa na homa, taifodi. Tumbo likimsokota, vidonda vya tumbo. Siwalaumu wanaoanzia huko, maana hayo ndiyo yaliyojaa mitaani. Tatizo ni pale dozi ya metronidazole, dawa ya amiba, inaporudiwa tena na tena, nafuu haiji, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kuharisha kunakozidi wiki nne, damu inayorudi, kupungua uzito, na hasa kuamshwa usiku na haja kubwa, ni sababu ya kuomba rufaa ukapimwe kwa kamera inayoingizwa utumboni na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta wa utumbo cha kusomwa maabara. Ile ya usiku watu hawaisemi. Tumbo linalosumbua kwa sababu ya wasiwasi tu, kwa kawaida hukuacha ulale.

Tena usikasirike daktari akitaka kukupima TB kabla ya kukuanzishia dawa za kushusha kinga. TB ya utumbo hupenda kukaa palepale Crohn inapopenda, pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na kwa kamera zinafanana mno. Ukimpa mwenye TB prednisolone, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, peke yake, umeifungulia TB mlango. Kwa hiyo ukisikia “tumekuta Crohn” na kinyama hakijasomwa, uliza kwa adabu: “Daktari, TB tumeiondoa kwa kipimo gani?”

Sasa tuje jikoni. Huwa nauliza mambo mawili kabla ya kutaja chakula chochote: ugonjwa umeamka au umetulia? Na je, kuna mahali utumbo umebana?

Ugonjwa ukiwa umeamka, mwili unaunguza misuli yake, na wakati huohuo mtu anakula kidogo kwa kuogopa choo. Hapo protini ndiyo inayotangulia. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anatafuta gramu 72 hadi 90. Kikombe cha uji mweupe wa sembe kina kama gramu mbili. Fanya hesabu mwenyewe uone ni ndoo ngapi. Siku ninayoipanga mimi inakuwa hivi: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, gramu 12, saa nne bilauri ya mtindi, gramu 8, mchana kipande cha samaki kama gramu 100 kwa wali laini, zaidi ya gramu 20, jioni kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa ndani ya mtori, zaidi ya 20 nyingine, na uji wa jioni unawekwa vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa laini kabisa, gramu 8. Tumeshafika 70 na ushee, na wali na uji vina zao kidogo. Hela ya samaki ikikosekana, dagaa waliokaushwa, wakachambuliwa vichwa, wakasagwa na kuchekechwa, wanaingia kwenye uji bila kukwaruza. Anayetumia prednisolone anapata faida ya ziada, kwa sababu dagaa wana kalsiamu na dawa hiyo ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Maziwa yana kesi yake. Watu wazima wengi wa huku hawaimeng'enyi vizuri sukari ya maziwa, na utumbo ukiwa umevimba hali huzidi. Wengi wanaojaa gesi kwa maziwa freshi wanauweza mtindi, kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Kwa hiyo sikatazi maziwa. Nasema jaribu mtindi nusu bilauri, siku tatu, uone.

Mahali palipobana ni habari nyingine, na hapo nakuwa mkali. Kama kamera au picha imeonyesha utumbo umesinyaa, weka kando mahindi ya kuchoma, muwa, machicha ya nazi, nyuzi za embe, ngozi nyeupe za machungwa, njugu nzima na vikonyo vya kisamvu. Si sumu, vinaweza tu kukwama. Tumbo likivimba, ukatapika, na hewa ikagoma kutoka, usilale nyumbani ukisubiri asubuhi. Nenda hospitali.

Lakini asiyebanwa, na ugonjwa umetulia, hana sababu ya kuishi bila mboga. Hapa ndipo ninapogombana na orodha za mama mkwe. Tunaanza na boga na karoti zilizoiva sana, tunakwenda kwenye mchicha uliokatwa mdogo, papai, parachichi, kisha choroko zilizochujwa, na mwishoni maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakapikwa hadi yapondeke. Kitu kimoja kwa wakati, kijiko hadi bakuli. Chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya chakula, kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa, na wagonjwa hawa wengi wana upungufu wa damu tayari. Waliokatwa kipande kirefu cha mwisho wa utumbo mwembamba waulizie sindano za vitamini B12; hiyo hufyonzwa hapo tu.

Wazazi wa watoto wenye Crohn huniuliza kuhusu lishe ya kunywa tu, bila kula. Ipo kweli. Mtoto anakunywa maziwa maalumu ya hospitali peke yake kwa wiki sita hadi nane, na kwa watoto inatuliza ugonjwa vizuri kama steroidi, bila kudumaza ukuaji. Ni ghali, na uji wa lishe wa nyumbani hauwezi kuchukua nafasi yake kwa kazi hiyo. Ifanyike chini ya daktari na mtaalamu wa lishe, si kwa kunakili kutoka kwa mama mwingine.

Na sanamaki, jamani. Sanamaki na shubiri ni dawa za kumfanya mtu aharishe. Kumpa mtu mwenye vidonda kwenye utumbo mpana “asafishe tumbo” ni kumwongezea alichokimbilia tiba. Akishaharisha sana, maji ya kumrudishia yanajulikana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Mgonjwa mmoja, mama wa duka la jumla, alikuja ameshamhukumu samaki. Kila akila samaki, tumbo linaamka. Nilimpa daftari la kawaida la shule nikamwomba aandike kila kitu: choo mara ngapi, usiku mara ngapi, damu, maumivu yako wapi, alichokula, na dawa yoyote aliyomeza. Aliporudi, ukurasa mmoja ulisomeka hivi: “Jumanne. Choo mara 6, usiku 2. Damu kidogo. Maumivu chini kulia. Mchana wali samaki. Diclofenac asubuhi na jioni.” Nikamuuliza hiyo diclofenac ya nini. Akanijibu, “Aa, hiyo si ya tumbo, dada. Ya mgongo, nikishusha mizigo.” Tukarudi nyuma kurasa kadhaa. Mizigo hufika Jumapili, vidonge vinafuata, tumbo linaamka katikati ya wiki. Samaki alikuwepo hata siku za shwari. Diclofenac, ibuprofen na jamaa zake zinaweza kuamsha magonjwa haya, na zinauzwa duka la dawa kama pipi. Tuliongea na daktari wake, akabadilishiwa dawa ya mgongo. Samaki akarudi sahanini.

Daftari hilo lina kazi nyingine kubwa zaidi ya chakula. Daktari wa kliniki ya rufaa ana foleni ndefu nje ya mlango. Ukiingia na “tumbo linasumbua”, utatoka na majibu mapana kama hayo. Ukiingia na “choo kilikuwa mara tatu, sasa ni mara nane, usiku mara mbili, kilo nne zimepungua tangu mwezi wa tatu”, mazungumzo yanabadilika. Tumelelewa kumwitikia daktari “ndiyo, ndiyo” hata tusipoelewa. Heshima haiondoki ukiuliza. Wagonjwa wangu nawapa sentensi ya kuanzia: “Shikamoo daktari, nina mambo matatu nimeyaandika, naomba niyasome.” Sijasikia daktari aliyeikataa. Maswali yenyewe: sehemu gani ya utumbo imeathirika, kuna mahali pamebana, kinyama kilisemaje, na tutajuaje kwamba dawa inafanya kazi. Kwenye hilo la mwisho, maabara kubwa kadhaa hupima kalprotektini kwenye choo, protini inayopanda utumbo ukivimba; si lazima kila mara urudi kwenye kamera.

Yapo pia mambo ya dawa ambayo mgonjwa asipoyaulizia yanaweza kumpita. Prednisolone haikatwi ghafla, inashushwa taratibu, hata kama uso umejaa na unaichukia. Sulfasalazine, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, huendana na vidonge vya foliki asidi. Hiyohiyo sulfasalazine inaweza kupunguza mbegu za mwanaume kwa muda wote anaoitumia, na zikarudi baada ya miezi miwili mitatu akiacha au akibadilishiwa. Nimeona ndoa ikitikisika, mwanamke anapelekwa kwa waganga, kumbe jibu liko kwenye karatasi ndani ya boksi la dawa la mume. Methotrexate, moja ya dawa za kushusha kinga, haitumiki kabisa katika ujauzito, lakini dawa nyingine nyingi zinaendelea. Mjamzito anayeacha dawa kimya kimya kwa kumhofia mtoto huweza kumletea shida kubwa kuliko dawa yenyewe. Na anayetaka kufunga Ramadhani aongee na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu saa za dawa zinaweza kupangwa upya, na kwa aliyeamka ugonjwa ruhusa ya kutofunga ipo.

Kusafiri kunaogopwa kuliko sindano. Basi la mkoani linasimama kuchimba dawa pale dereva anapotaka, si pale utumbo unapotaka. Kata tiketi ya kiti cha karibu na mlango, na mwambie konda kabla gari halijaondoka, si likiwa Chalinze: “Kaka, nina ugonjwa wa utumbo, nikikuomba usimame sitanii.” Wengi wanaelewa wakiambiwa mapema. Beba nguo ya akiba na karatasi za chooni, kula kidogo kidogo, ila usishinde njaa kutwa nzima. Kazini na shuleni, barua ya daktari inayosema tu kwamba fulani aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote inatosha. Si lazima itaje ugonjwa. Harusini na msibani wagonjwa wangu hula nyumbani kwanza, kisha huchota pilau kidogo ili mwenyeji asinune. Hilo wamelibuni wenyewe, nami nalipitisha.

La mwisho ni karatasi. Omba nakala ya ripoti ya kamera, picha zake na majibu ya kinyama, viweke kwenye faili lako nyumbani, na vipige picha kwa simu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika mwaka dalili zilipoanza. Mwenye kolaitisi, au Crohn iliyoshika utumbo mpana, akifikisha kama miaka 8 tangu dalili zianze anatakiwa kuanza kuchunguzwa kwa kamera dhidi ya saratani ya utumbo, hata kama anajisikia mzima. Aliyeanza kuumwa mwaka 2017 alipaswa kuliulizia hilo mwaka 2025. Kama ni wewe na hujaulizia, liandike kwenye yale mambo matatu ya kliniki ijayo.