Je, wajua kwa nini panya akitafuna gome la chini tu mtufaha mzima unakufa?

Kwenye mashamba ya matufaha kule kaskazini mwa Marekani, tuseme Maine, Vermont au Minnesota, na ukivuka mpaka kuingia Kanada, kuna kitu kinawatokea wakulima theluji ikiyeyuka mwezi wa nne. Mti mchanga wa miaka miwili mitatu umesimama vizuri, matawi yapo yote, ila pale chini karibu na udongo gome limeliwa kuzunguka shina lote, mbao nyeupe inaonekana, upana wa kiganja hivi. Halafu cha ajabu, mti unachipua kama kawaida. Unatoa majani, pengine hadi maua, mtu anajipa moyo kwamba umepona. Ikifika katikati ya kiangazi majani yanaanza kuwa ya njano, na mara nyingi kufikia mwaka wa pili mti umekufa kabisa.

Mlaji ni panya mdogo anaitwa voli, mnene, mkia mfupi, masikio yamezama kwenye manyoya, gramu 30 hadi 50 hivi. Sasa swali lenyewe ni hili, kwa nini kidonda kidogo vile kiue mti mzima, na kwa nini kichukue miezi?

Jibu la haraka la watu wengi ni kwamba maji yamekatika, maana mizizi inanyonya maji, maji yanapita kwenye gome, panya kala gome, basi juu kumekauka. Inaingia akilini kabisa na ndiyo maana dhana hiyo haifi, utaisikia hata kwa watu waliotunza miti miaka mingi. Lakini haiko hivyo. Shina la mti ukilikata utakuta nje kabisa kuna gome kavu lililokufa, hilo kazi yake ni kulinda tu, ndani yake kuna gome laini lenye unyevu ambalo ni hai, kisha utando mwembamba mno unaoitwa kambiamu ambao ndio unazalisha seli mpya pande zote mbili, halafu ndio unaingia kwenye mbao yenyewe. Maji na chumvi za udongo vinapanda kupitia mbao, ile sehemu changa ya nje ya mbao. Voli haitaki mbao. Anakula gome laini na kambiamu, akifika kwenye mbao anaikwaruza juu juu tu, kwa hiyo bomba la maji kaliacha zima. Na ingekuwa ni maji yamekatika mti ungenyauka ndani ya siku chache, si kusubiri hadi mwezi wa nane.

Wengine wanasema ni baridi imeingia kwenye kidonda. Baridi inaua miti kweli, na mbao iliyoachwa wazi inaanza kukauka polepole, hilo lipo, lakini sio sababu kubwa. Wapo pia wanaopaka lami au rangi kwenye kidonda wakidhani wanaziba kinachovuja, wakati hakuna kinachovuja cha maana. Ile rangi nyeupe unayoiona kwenye mashina ya miti ya matunda ni kwa ajili ya jua la kipupwe, lile linalopasha gome mchana halafu usiku linaganda na kupasuka, voli haimzuii hata kidogo.

Kinachokatika ni njia ya kushuka. Majani yanatengeneza sukari, na sukari hiyo inateremka kwenda kwenye mizizi kupitia lile gome laini. Kwenye mtufaha na ndugu zake kama mpichi na mplamu, sehemu kubwa inasafiri kama sobitoli, ileile wanayotia kwenye bigijii zisizo na sukari, kwa hiyo voli wa watu kajipatia peremende katikati ya baridi.

Chukua familia ambayo kijana yuko mjini anafanya kazi na wazee wako kijijini. Kijana anatuma pesa kila mwezi kwa simu, wazee nao wanalima, wanampelekea gunia la mahindi kwa basi. Majani ndio kijana, mizizi ndio wazee, gome ndio laini ya kutuma pesa, mbao ndio barabara ya basi. Panya amekata laini ya pesa, basi hajaligusa. Mwezi wa kwanza mjini hakuna anayeshtuka kwa sababu gunia limefika kama kawaida, na kijana anajikuta ana hela nyingi kuliko zamani maana hatumi tena. Kule kijijini wazee wanakula akiba, wananunulia mbolea akiba, wanalipia nauli ya gunia kwa akiba. Akiba ikiisha shamba halilimwi, gunia halitumwi, na ndipo mjini njaa inaanza, mtu anashangaa imetoka wapi wakati hata hajapunguziwa mshahara.

Mizizi inafanya hivyohivyo. Ina wanga iliyowekwa tangu msimu uliopita na inautumia kupumua na kuota mizizi midogo mipya ya kunyonya maji. Wanga ukiisha mizizi midogo inakufa, na hapo ndipo maji yanakatika kweli. Kwa hiyo yule aliyesema mti umekufa kwa kiu hajakosea kuhusu mwisho, kakosea kuhusu mwanzo. Muda unaochukua unategemea ukubwa wa mti na akiba yake, mche mdogo unaweza usimalize kiangazi, mkubwa unajikokota mwaka au zaidi.

Hili la sukari kushindwa kushuka lilishaonekana zamani. Marcello Malpighi, daktari wa Kiitaliano wa karne ya 17, alichuna pete ya gome akaona sehemu ya juu ya pete inavimba, ya chini haivimbi. Na wakulima wa zabibu za mezani California wanafanya makusudi, wanachuna pete nyembamba ya milimita chache ili sukari ibaki juu na zabibu zinenepe, pete inajiziba ndani ya wiki kadhaa kabla mizizi haijaumia. Ndiyo maana pia mtufaha ulioliwa na panya unaweza kuchanua vizuri kuliko jirani zake. Tofauti ya dawa na sumu hapa ni upana wa pete tu.

Sio kila mti unakufa lakini. Mbuyu unachunwa gome kwa ajili ya kutengeneza kamba na gome linarudi, hata ukichunwa kuzunguka wote, kwa sababu mbao yake imejaa seli hai zinazoweza kutengeneza gome upya. Muiri, ule mti wa milimani wa jamii ya mplamu unaochunwa gome kwa dawa ya tezi dume, utaratibu uliozoeleka ni kuchuna robo mbili zinazoelekeana na kuacha robo mbili. Mtufaha mchanga hauna uvumilivu wa mbuyu, ila ikiwa gome lililoliwa halifiki nusu ya mzunguko kwa kawaida unapona wenyewe.

Kwa nini kipupwe sasa. Voli halali usingizi wa baridi, yuko kazini mwaka mzima. Joto la ardhi linayeyusha na kugeuza mvuke theluji ya chini kabisa, panabaki kauwazi kati ya udongo na theluji, na theluji ikiwa nene hapo chini joto linakaa karibu na nyuzi 0 hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Panya anatembea humo bila kuonekana, ingawa mbweha na bundi wengine wanamsikia tu wanapiga mbizi kwenye theluji wanamtoa. Majani mabichi yamekwisha, gome la mti mchanga ni jembamba na tamu, basi. Na wanazaliana vibaya, mimba ni wiki tatu tu na jike wa mwezi mmoja anaweza kubeba, na kila baada ya miaka michache idadi yao inapanda ghafla, kwa hiyo mtu aliyepanda miaka miwili bila tatizo asijidai sana.

Kinga inayoaminika zaidi ni wavu wa chuma wa matundu yasiyozidi milimita 6, unauzungushia shina bila kuubana, chini unaufukia sentimita kadhaa ardhini, juu ufike sentimita 45 hadi 60. Wavu wa kawaida wa banda la kuku haufai, matundu ni makubwa. Ile plastiki ya kujizungusha nayo inafanya kazi na ni rahisi, ila itoe wakati wa joto, inaficha wadudu na unyevu. Kinachosahaulika ni nyasi. Voli anaogopa uwazi, kwa hiyo fyeka kabla ya theluji, acha duara tupu la udongo kuzunguka shina, na matandazo yasogeze mbali na shina maana ukiyarundika pale umemjengea nyumba mlangoni pa chakula. Okota matufaha yaliyoanguka. Theluji ikishuka, wengine wanaikanyaga ishikane kuzunguka shina ili asipite chini yake, inasaidia pale ambapo una miti michache na miguu ya kutosha.

Dawa za kumchukiza zinaoshwa na mvua na akiwa na njaa kali anakula hivyohivyo. Sumu ipo, ila inahitaji kufuata sheria za eneo na bundi na mbweha wanaokusaidia nao wako hatarini. Paka atakamata wawili watatu.

Angalia pia usimsingizie. Meno ya voli yanaacha mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio, chini kabisa. Sungura ana meno mapana, anakata vijiti kwa mshazari safi kama kisu, na anatembea juu ya theluji, kwa hiyo theluji ikiwa nusu mita anafikia matawi ambayo wavu wako haukuyawaza. Halafu kuna voli mwingine anayeishi chini ya udongo na kula mizizi, huyo wavu wa shina haumhusu, utamjua mti ukianza kulegea ukiusukuma.

Pete ikishaliwa yote bado kuna kubebesha kwa daraja, yaani kuunganisha gome la juu na la chini kwa vijiti vya mti. Unakata vikonyo, yaani vijiti vya tawi changa, mti ukiwa bado umelala, unavihifadhi kwenye ubaridi, gome likianza kuachia mbao unavichomeka kuruka kidonda, ncha moja chini ya kidonda nyingine juu, kila baada ya sentimita tano hivi, na visigeuzwe juu chini. Sukari inapita humo. Kazi ya mikono mitulivu, na kwa mche wa mwaka mmoja ni nafuu kununua mwingine.

Na ukiona chipukizi chini ya kidonda usishangilie mapema. Matufaha karibu yote ya kununua yamebebeshwa juu ya mche wa aina nyingine, mfano mche unaoitwa M.9 kutoka East Malling kule Kent, Uingereza, unaofanya mti ubaki mfupi. Chipukizi likitoka juu ya kiungo, pale miti miwili iliposhikanishwa, ni tufaha lako, unaweza kulilea liwe shina jipya. Likitoka chini ya kiungo ni ule mche wa chini, utaota vizuri tu na kukupa matunda ambayo hukuyanunua.