Barua ya ufadhili isomwe hadi ukurasa wa mwisho

Kuanzia Mei hadi Julai, ofisi yetu ya ushauri wa masomo ya uzamili hapa Nairobi haikosi watu. Wengi huja na barua mkononi na furaha usoni. Binti mmoja alikuja na baba yake. Nyuma ya barua ile mzee alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu majina matano ya wadhamini wa mkopo wa sacco, kila jina na kiasi chake. Mbele, chuo kimoja cha Kanada kilikuwa kimemwahidi binti dola 25,000 za Kanada kwa mwaka. Mzee alikuwa amezidisha kila dola kwa shilingi 93 akapata zaidi ya milioni mbili na laki tatu.

"Mwalimu, si hizi zinamtosha?" akaniuliza.

Nilimwomba binti asome ukurasa wa pili kwa sauti. Karo ya dola 9,000 ilikuwa inakatwa humo humo. Zikabaki 16,000, yaani dola 1,333 kwa mwezi, za kodi ya nyumba, chakula, nauli, simu na koti la baridi. Serikali ya Kanada yenyewe, kwa wanaoomba kibali cha masomo tangu Septemba 2025, inataka mtu mmoja awe na dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na karo na nauli ya ndege. Pengo ni dola 6,895, karibu shilingi laki sita na elfu arobaini. Na masomo ni ya miaka miwili. Mzee aligeuza barua, akayatazama yale majina matano, akanyamaza.

Kosa si la mzee. Bei zimepanda kuliko posho. Hadi mwisho wa mwaka 2023 Kanada iliridhika na dola 10,000 za kujikimu. Januari 2024 ikadai 20,635. Lakini ufadhili wa serikali kuu yao kwa uzamili, ambao hata hivyo ni wa raia na wakazi wa kudumu, ulibaki dola 17,500 tangu 2003 hadi 2024. Ujerumani inataka uweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu inayokutolea 992 kila mwezi. Uingereza ilipandisha kiwango chake Januari 2025, ikapandisha tena Novemba, na London sasa ni pauni 1,529 kwa mwezi.

Viwango hivi watu wengi huvichukulia kama kizingiti cha ubalozi tu. Hapo ndipo ninapoumia moyo zaidi. Mjomba anaweka pesa kwenye akaunti ya kijana, benki inatoa taarifa, viza inatoka, kisha pesa zinarudi kwa mjomba. Kijana anatua na dola mia nne. Kiasi kile kiliwekwa kwa sababu ndicho mtu anachokula na kulalia kule. Tena ukigunduliwa umedanganya kuhusu pesa, Kanada inaweza kukufungia mlango kwa miaka 5.

Kuna na shilingi yetu. Januari 2024 dola ya Marekani ilipita shilingi 160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Amana ya dola 5,000 iliyolipwa Januari iligharimu familia takriban laki nane, na ingesubiri ingekuwa laki sita na nusu. Hakuna anayejua kesho itakuwaje, kwa hiyo wanaochanga kwa harambee waongeze kiasi cha kujikinga.

Kabla ya kukubali, iandikie idara. Uliza karo na ada nyingine zinakatwa kwenye posho au la. Uliza posho ni ya miezi 9 au 12, maana vyuo vingi vya Marekani hulipa ya muhula tu na kiangazi unajitegemea. Bima ya afya analipa nani? Malipo ya kwanza yanaingia tarehe gani? Ukifika Agosti na posho ikaja mwisho wa Septemba, mwenye nyumba hatakusubiri. Kuuliza si utovu wa adabu, na barua haifutwi kwa sababu umeuliza. Pengo likibaki kubwa, omba nyongeza, au omba kuahirisha hadi mwaka ujao.

Usitegemee sana kibarua. Kanada inaruhusu saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Marekani saa 20, tena ndani ya chuo. Mshahara wa mwenzi wako nao usiuhesabu kabla ya kukagua: tangu Januari 2025 Kanada inampa mwenzi wa mwanafunzi wa uzamili kibali cha kazi ikiwa tu kozi ni ya miezi 16 au zaidi.

Na wewe uliye kule tayari, unayesoma haya usiku ukihesabu sarafu: vyuo vingi vina hazina ya dharura na ghala la chakula kwa wanafunzi. Nenda kabla hujalala njaa. Mwambie pia msimamizi wako, na nyumbani waambie ukweli, kwa sababu huku bado kuna mtu anayelipa mkopo akiamini unashiba.