Hanesi yenye injini: pima mbio zako kabla ya kupima injini

Watu wanaotuandikia wakitaka kununua hanesi yenye injini, yaani vazi la rubani wa hangiglaida lililofungwa injini na propela, huanza karibu wote na swali moja: ina nguvu farasi ngapi? Swali hilo si baya, ila linakuja mapema mno. Hanesi ya aina hii huchaguliwa kwanza kwa kuangalia zile sekunde chache ambazo rubani anakimbia akiwa amebeba kila kitu mwilini na bawa bado halijaanza kumbeba. Hapo ndipo watu wengi huumia.

Hangiglaida ni bawa la kitambaa lililotandazwa juu ya mabomba ya alumini. Rubani hulala kifudifudi chini yake, ananing'inia kwa kamba, na huliongoza kwa kusogeza mwili wake kushoto, kulia, mbele na nyuma. Hanesi ni lile vazi linalomshika. Kwa kawaida rubani huruka kutoka mlimani ili mteremko umsaidie kupata mwendo. Anayeishi bondeni au pwani hana mlima, na hapo ndipo injini inapoingia. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1975 Mmarekani John Moody alifunga injini ndogo kwenye glaida ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, akakimbia juu ya ziwa lililoganda huko Wisconsin na kupaa. Mwaka 1978 Mwingereza David Cook alivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa glaida yenye injini.

Siku hizo injini ilifungwa kwenye bawa. Baadaye ikahamia kwenye hanesi, na Mosquito ya Johan Åhling wa Sweden ndiyo iliyojulikana zaidi duniani. Inatumia injini ya Radne Raket, ya mipigo miwili na ujazo wa takriban sentimita za ujazo 120, yenye nguvu farasi kama 14 au 15. Propela iko nyuma kabisa, baada ya nyayo za rubani, na hujikunja injini ikizimwa ili isiburute hewa. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba ukiivua hanesi unabaki na hangiglaida ya kawaida.

Sasa tuhesabu uzito, na ningependa ufanye hesabu hii kwa namba zako mwenyewe. Chukua rubani wa kilo 75. Hanesi yenye injini ina kilo 25 hadi 30, tuweke 27. Lita nne za mafuta ni kilo 3. Helmeti, buti, nguo nzito na parachuti ya akiba ni kama kilo 5. Uzito unaoning'inia chini ya bawa umefika kilo 110, na kila glaida ina kibandiko cha kiwandani kinachosema uzito wa chini na wa juu unaoruhusiwa kuning'inia. Glaida iliyokutosha vizuri bila injini inaweza kuwa ndogo kwako siku unapovaa injini. Ongeza bawa lenyewe, kilo 28, ambalo liko mabegani mwako mpaka lishike upepo. Kwa hiyo unasimama ukiwa na kilo 63 ambazo si mwili wako, kisha unatakiwa kukimbia wima, kwa hatua ndefu, bila kujikwaa.

Ndiyo maana huwa nawashauri wanaoanza wachukue bawa la polepole la tabaka moja la kitambaa, mfano Falcon ya Wills Wing, wala si bawa la mashindano. Bawa la namna hiyo huanza kubeba kwenye mwendo mdogo. Kilomita tatu au nne kwa saa zinaonekana hazina maana ukizisoma kwenye karatasi, lakini kwa mtu aliyebeba mzigo ule ndizo zinazoamua kama atapaa au ataanguka kifudifudi na injini ikimsukuma kwa nyuma.

Baada ya uzito, ndipo tuzungumzie nguvu. Kinachokupeleka mbele ni msukumo wa propela. Injini ndogo ya mipigo miwili huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, mwendo ambao propela kubwa haiwezi kuuvumilia, hivyo katikati kunawekwa mkanda au gia za kupunguza mzunguko. Propela kubwa inayozunguka taratibu husukuma hewa nyingi kwa upole, na kwa nguvu farasi zilezile hutoa msukumo mkubwa kuliko propela ndogo inayopiga kelele. Muulize muuzaji msukumo kwa kilo, kipenyo cha propela na uwiano wa kupunguza mzunguko. Asipoweza kujibu, hajui anachouza.

Tuone msukumo huo unafanya nini. Glaida inayosonga mita 8 kwa kila mita moja inayoshuka, ikiwa na uzito wa jumla wa kilo 140, inahitaji msukumo wa kilo 17.5 ili isishuke tu. Kinachozidi hapo ndicho kinachokupandisha. Injini ikitoa kilo 35 angani, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, utapanda mita 1.4 kwa sekunde. Sasa punguza robo ya msukumo: zimebaki kilo 26, na kupanda kunashuka hadi karibu nusu, yaani mita 0.7 hivi kwa sekunde. Robo ya msukumo imekula nusu ya uwezo wako wa kupita juu ya miti.

Na robo hiyo inapotea kweli. Pale Iten, Kenya, ukingoni mwa Bonde la Kerio ambako watu hurusha parachuti za kuteleza angani, mwinuko ni kama mita 2,400. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Malindi au Bagamoyo kwa takriban asilimia 20, na mchana wa jua kali huwa nyepesi zaidi. Injini inavuta hewa pungufu, propela inashika hewa pungufu, na bawa nalo linadai mwendo mkubwa zaidi: mbio za kilomita 30 kwa saa zinakuwa 34. Kwa hiyo namba zilizopimwa kwenye uwanja wa baridi wa Sweden usizichukue kama ahadi kwa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwenye kilo 90 anayeishi mwinuko huo anahitaji bawa kubwa, asubuhi yenye upepo wa mbele, na mara nyingi mteremko kidogo hata akiwa na injini.

Ukaaji wa hanesi ni jambo la kukaguliwa kwa macho na mikono. Ning'inia kwenye glaida yako ikiwa imeinuliwa, injini ikiwa baridi, kisha mtu aizungushe propela kwa mkono. Ncha zake zipite mbali na bomba la katikati na nyaya za nyuma, ukiwa umelala na ukiwa wima, na ukisogea kushoto na kulia. Angalia kama miguu inatoka haraka, kwa sababu utatua kwa miguu hiyo. Katika baadhi ya hanesi, kasi ya injini huongezwa kwa kishikio kinachoumwa na meno, kwa kuwa mikono yote inashika fremu ya bawa wakati wa kukimbia. Ukiachia meno, injini inapunguza mzunguko. Huo ni ubunifu mzuri sana, maana mtu anayejikwaa hufungua mdomo. Swichi ya kuzimia nayo ifikike bila kutafutwa, na izimwe kabla ya kurusha parachuti ya akiba, la sivyo kamba zitavutwa na propela.

Hanesi za umeme zipo. Hazina kelele nyingi na huwaka bila usumbufu, lakini betri ni nzito na muda wa kusukuma ni mfupi. Zinamfaa anayetaka kupanda mara moja kisha atafute hewa inayopanda.

Kuhusu mafuta ya mipigo miwili sitasema mengi. Wavuvi wenye mashine za boti wanajua kuchanganya oili kwa kipimo cha mtengenezaji, na injini iliyonyimwa oili hukwama ghafla, angani kama baharini. Kwa hiyo usiruke kamwe mahali ambapo huwezi kutua salama injini ikizima wakati huohuo.

Yote haya ni kwa mtu ambaye tayari ameshajifunza kuruka na kutua bila injini, chini ya mkufunzi. Marekani, kanuni ya mwaka 1982 iitwayo Part 103 inaruhusu vyombo vyepesi vya mtu mmoja kuruka bila leseni ya rubani, mchana na mbali na makazi ya watu. Ruhusa hiyo haisafiri na mzigo. Kabla ya kulipa, andika kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, TCAA ya Tanzania, KCAA ya Kenya au nyingine, usubiri jibu la maandishi. Na muuzaji wa hanesi iliyotumika akikataa uning'inie ndani yake japo dakika kumi, au akikataa kufungua kifuniko cha mkanda na beringi za shafti inayozungusha propela, tafuta muuzaji mwingine.