"Ndiyo, na tena" si kukubali kila kitu

Wengi hudhani kanuni ya vichekesho vya papo kwa papo, "ndiyo, na tena" (pokea anachosema mwenzako, kisha ukiendeleze), humtaka mwigizaji akubali lolote, ilhali kazi ya mwanafalsafa ni kupinga. Sivyo. Mwenzako jukwaani akisema, "Daktari, mkono wangu unaimba," ukauliza unaimba wimbo gani, na majirani wanalalaje, hujakiri kwamba mikono huimba. Umeipokea hali ili uone inakofika.

Katika maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwalimu wake Sokrates hufanya vivyo hivyo. Jemadari Laches anamwambia shujaa ni asiyekimbia vitani. Sokrates anamkubalia kwanza, kisha anamkumbusha Waskithi, wapiganaji wa farasi wa kale, waliopigana huku wakirudi nyuma. Hapo ndipo fasili inapopasuka. Wachekeshaji wengi huiacha hali mapema mno. Uvumilivu huo wa Sokrates ungewafaa sana.