Kuwatafuta Ndugu na Majirani wa Mwenye Baa wa Enzi ya Malkia Victoria Kupitia Wosia Wake

Anayefuatilia ukoo wa mtu aliyeendesha baa nchini Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, yaani kati ya 1837 na 1901, kwa kawaida huanza na vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, kisha huingia kwenye sensa iliyofanywa kila baada ya miaka 10. Nyaraka hizo hueleza nani alikuwa mke na nani mtoto. Wosia hueleza marehemu alimwamini nani, na ndiyo maana sisi wahifadhi wa nyaraka huwahimiza watafiti wausome mpaka mstari wa mwisho, ambako majina ya majirani hujitokeza.

Kwa England na Wales, tarehe ya kukumbuka ni 12 Januari 1858. Kabla ya hapo wosia ulithibitishwa na mahakama za Kanisa, na nakala za wosia za ile kubwa, mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, London. Kuanzia siku hiyo kazi ilihamia serikalini, na kila mwaka ikachapishwa faharasa inayotaja jina la marehemu, anwani yake, siku aliyofariki, wasimamizi wa mirathi na thamani ya mali. Thamani hiyo isichukuliwe kuwa utajiri wote wa marehemu, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne ile haikuhesabu ardhi wala majengo aliyoyamiliki moja kwa moja.

Sheria ya Wosia ya 1837 ilidai mashahidi wawili waliokuwapo kwa pamoja wakati wosia unatiwa saini, na shahidi aliyeachiwa kitu, yeye au mwenzi wake wa ndoa, alikipoteza. Kwa hiyo warithi walijiweka kando, akaitwa karani wa wakili au mtu wa jirani. Tuseme shahidi mmoja ni fundi viatu, na kazi yake na mtaa wake vimeandikwa kando ya jina. Fungua sensa ya mwaka ulio karibu na tarehe ya wosia, itafute baa, kisha soma kaya zilizoandikwa juu na chini yake, kwani kwa kawaida karani wa sensa alizipanga nyumba kwa kufuata njia aliyopita. Fundi huyo akionekana nyumba ya tatu kutoka baa, umempata jirani wa kweli, pamoja na umri wake na watu wa nyumbani kwake. Wasimamizi wa mirathi nao wachunguzwe vivyo hivyo: mara nyingi ni mke wa marehemu, mwenye bucha au mwenye kiwanda cha bia, watu waliozijua hesabu za biashara yake.

Kwa upande wa familia, mabinti walioolewa ndio hazina kubwa. Kabla ya 1883, mali nyingi aliyopata mwanamke aliye katika ndoa iliangukia mikononi mwa mumewe, hivyo baba mwangalifu aliweka fungu la binti chini ya wadhamini, yaani watu walioishika mali kwa niaba yake, kwa matumizi ya binti peke yake. Kifungu hicho hutaja jina jipya la binti na mara nyingi jina la mumewe, jambo ambalo sensa haiwezi kukupa ikiwa binti alishahama. Mjane naye mara nyingi aliachiwa mapato kwa sharti kwamba asiolewe tena.

Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo wosia hauvuki theluthi moja ya mali, azingatie kwamba Mwingereza wa wakati ule aliweza kumwachia amtakaye karibu kila kitu. Mtoto asiyetajwa huenda alikwishapewa mtaji wake mapema, kwa hiyo ukimya wa wosia si ushahidi kwamba hakuwapo.

Uhusiano ukibaki na utata, tafuta madaftari ya kodi ya mirathi ya 1796 hadi 1903, yaliyoko Kew pia. Kwa kuwa kiwango cha kodi kilitegemea ukaribu wa damu, karani alipaswa kuandika kila mpokeaji alihusianaje na marehemu: kwa miaka mingi ya karne ile mtoto alitozwa asilimia 1, kaka au dada wa marehemu 3, na rafiki au jirani asiye na undugu 10.