Mionzi na dawa za saratani zinapokutana kwenye sehemu za mwili zisizo na saratani

Swali: Mama yangu, mkazi wa Ujiji, alitibiwa Mwanza kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi, na kila wiki akawekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Mbona aliharisha sana kuliko jirani yake aliyepata mionzi pekee?

Jibu: Mionzi hukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli, ziwe za saratani au seli nzima (zisizo na saratani) zilizo karibu nazo. Kwa sababu hiyo dozi hugawanywa vipande vidogovidogo, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, ili seli nzima zipate saa za kujikarabati kabla ya kipande kinachofuata. Sisplatini hunasa kwenye nyuzi hizohizo na kuuvuruga ukarabati huo. Saratani huumia zaidi, na hilo ndilo linalotafutwa. Lakini utando wa utumbo, ambao hujizalisha upya kila baada ya siku chache, nao huchubuka, na ndipo mgonjwa huharisha. Jambo linalosahaulika ni kwamba sisplatini hudhuru figo, kwa hiyo anayeharisha huku hanywi maji ya kutosha awahi hospitali, asingoje kliniki ya wiki ijayo.

Swali: Je, kila dawa huongeza madhara ya mionzi?

Jibu: La, hutegemea dawa na mahali. Doksorubisini na mionzi ya kifua huweza kuuelemea moyo. Bleomisini huhofiwa kwenye mapafu. Florourasili pamoja na mionzi ya kichwa na shingo hutoa vidonda mdomoni, kiasi kwamba hata mchuzi wa dagaa usio na pilipili huunguza.

Swali: Ngozi iliyounguzwa na mionzi ilikwisha kupona. Inawezekanaje iwake tena miezi kadhaa baadaye?

Jibu: Inawezekana. Dawa mpya ya saratani huweza kuamsha uvimbe palepale palipopita mionzi, hali iliyoelezwa na madaktari mwaka 1959 kuhusu aktinomisini, nayo dawa ya saratani. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu: tazama weusi uliozidi, joto na maumivu, mara nyingi vyenye mipaka iliyonyooka kana kwamba imepigwa rula. Mgonjwa aliyerudi Kigoma aende hospitali ya Maweni na kadi yake ya matibabu, inayoonyesha sehemu iliyopigwa mionzi, idadi ya dozi na majina ya dawa, na aitoe kabla ya kuwekewa dripu nyingine ya saratani.